Shule inamkimbia binti yangu kwa sababu ananiogesha

Shangazi, jambo.

Mimi ni mama wa miaka 44, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko wa chini ya barabara, kule ambako motari anakushusha juu na safari iliyobaki unaimaliza kwa ngazi za udongo. Polio ilinishika nikiwa na miaka mitatu. Nimekulia kwenye bekiye, yaani magongo ya kutembelea, lakini sikukulia kwenye huruma za watu: nilisoma, niliolewa, nimezaa watoto wanne, na kwa miaka mingi nimeuza vitenge katika soko la Kadutu. Ngazi hizo nilikuwa ninazipanda asubuhi na mzigo mgongoni, vijana wazima wakinipisha njia.

Sasa mambo yamegeuka. Ni kama miaka miwili hivi, mguu wangu wa kushoto, ambao ndio uliokuwa mzima, unalegea. Mabega yananiuma hadi kuinua sufuria ni kazi. Nikifua nguo mbili tu, mchana kutwa ninalala. Baridi ya asubuhi, ambayo zamani sikuijali, siku hizi inaniingia mpaka mifupani. Jirani mmoja amesema nimetupiwa kitu. Mchungaji alinipa siku za kufunga na kuomba, nikafunga, nikazidi kulegea. Mwingine akasema polio imerudi, nisikae karibu na watoto wa watu.

Anayenitunza ni binti yangu wa miaka 15. Anaamka kabla hakujakucha, anapanda kuchota maji, anawasha makala, anapika chai, ananiogesha, ananivalisha, ananipeleka chooni, kisha anahamia kwa bibi yake. Maana humu ndani tuko wawili wa kutunzwa. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yake inakaribia 80, alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukafa. Naye anaogeshwa, anavalishwa, analishwa kwa kijiko, anageuzwa kitandani. Binti akimaliza, jua limeshapanda. Anafika shuleni wenzake wakiwa kipindi cha pili, na siku nyingine haendi kabisa. Anasomea ualimu. Prefe wa shule ameniandikia kwamba akiendelea hivi atarudia mwaka.

Kaka zake wawili wapo, mmoja ana miaka 19, mwingine 17. Wanakula, wanatoka. Baba yao ni mwashi. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, watu wamepunguza kujenga, kwa hiyo anashinda akitafuta vibarua na jioni anarudi amechoka. Nilimwomba mara moja anisaidie kuoga. Alinijibu, "Watu wakisikia watanicheka. Kwani wewe huna binti?"

Meza yangu ya vitenge niliiachia wifi yangu. Mwanzoni alikuwa ananiletea pesa kila Jumamosi. Siku hizi anasema biashara imelala.

Kuna jambo jingine ninaloona aibu kuliandika. Choo chetu kiko nje, chini kabisa ya parsele (kiwanja chetu), na usiku siwezi kukifikia bila kumwamsha mtoto. Kwa hiyo kuanzia saa nane mchana sinywi maji tena. Siku zangu za mwezi ndizo mbaya zaidi. Anafua vile vitambaa kimya kimya, hasemi neno, lakini uso wake ninauona.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ameleta dawa ya mambo yote haya. Huko Walungu kuna mtoto wa ndugu yao, msichana wa miaka 12, baba yake amefariki. Anasema tumlete akae hapa atusaidie, sisi tutamlisha na kumvika. Mume wangu amekubali, mama mkwe amefurahi. Binti yangu peke yake ndiye aliyeniuliza, "Mama, kwa hiyo sasa yeye ndiye hatasoma?"

Shangazi, nikikataa, binti yangu atapoteza mwaka. Nikikubali, nitakuwa nimelipa deni la mtoto kwa mtoto. Nifanye nini? Na huu udhaifu umetoka wapi, wakati polio iliniacha zamani hizo?

Mama wa Vitenge, Kadutu

*

Jambo mama.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa majibu ya mengine yanalitegemea.

Polio haijarudi. Kirusi chake hakilali mwilini miaka 40 kikisubiri kuamka, na hakuna mtoto atakayeambukizwa kwa kukaa karibu nawe. Madaktari wanajua jambo hili: mtu aliyeugua polio utotoni, akapata nafuu, akaishi vizuri miaka 15, 30, hata 40, anaweza kuanza kupata udhaifu mpya. Wanauita sindromu ya baada ya polio. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ugonjwa uliua baadhi ya neva zinazoamrisha misuli, na zile zilizosalia zikachipua matawi, zikabeba na kazi ya zilizokufa. Zimeibeba katika miaka yote ya ngazi, ya mimba nne, ya mizigo ya vitenge. Sasa zimechoka. Mguu wa kushoto unaouita mzima huenda nao uliguswa, ila ulificha. Uchovu usiolingana na kazi, misuli kuuma, baridi kuingia kuliko zamani, yote hayo ni ya hali hiyo, na mji wetu huu ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari haumsaidii mtu anayeogopa baridi. Mabega ni habari nyingine: yamefanya kazi ya miguu tangu utoto wako.

Mimi siwezi kukupima kwa barua. Udhaifu mpya unaweza pia kuletwa na upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo au uti wa mgongo, na hayo yana matibabu yake. Kwa hiyo nenda ukaonwe, kwenye hospitali kuu ya mkoa au kituo cha Heri Kwetu, na uombe kuonana na daktari pamoja na kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Ukifika, sema hivi kabla hujaketi: "Niliugua polio nikiwa na miaka mitatu, na udhaifu huu ni mpya." Usiposema, wataona bekiye na kudhani hiyo ndiyo hali yako ya siku zote. Dawa ya kuondoa sindromu hii hakuna. Kinachosaidia ni kupumzika kabla ya kuchoka, kugawa kazi vipande vipande, kujikinga na baridi, na kupata kifaa chepesi kinachokufaa. Yeyote atakayekuambia ufanye mazoezi mpaka uchoke kabisa ili misuli irudi, mkatalie kwa adabu. Na kufunga acha. Mwili wenye misuli michache ukinyimwa chakula unalegea tu, hakuna pepo anayetoka.

Sasa maji. Mama, hili limenishtua kuliko barua ya prefe. Mwanamke anayejinyima maji kuanzia saa nane mchana ili asimsumbue mtu usiku anajitafutia ugonjwa wa njia ya mkojo, mawe ya figo na choo kigumu. Nimelisikia kwa wanawake wengi, vijana na wazee, wenye ulemavu wa kuzaliwa na walioupata ukubwani, na karibu wote wanalificha kama unavyolificha wewe. Anza kunywa leo. Muite fundi mbao akutengenezee kiti chenye tundu katikati na mikono pembeni, kimo chake kipimwe kutoka nyuma ya goti lako hadi sakafuni. Chini yake iwekwe ndoo yenye mfuniko na majivu kidogo ndani. Kikae chumbani kwako, karibu na kitanda, upande ule unaoegemea vizuri. Usiku huamshi mtu. Asubuhi ndoo itamwagwa na kijana wa miaka 19 au wa 17, wapokezane. Ndoo iliyofunikwa haimwonyeshi mtu uchi wa mama yake.

Vitambaa vyako vya mwezi pia vina njia. Weka ndoo ndogo ya maji baridi na sabuni chini ya kitanda, uviloweke wewe mwenyewe, uvifue umekaa, kimoja kimoja, kwa wakati wako. Mikono yako haiwezi kufua mashuka, lakini kwa hivyo inatosha. Binti atavianika tu juani. Najua kwa wengine jambo hili litaonekana dogo. Wewe unajua si dogo, ndiyo maana uliliandika.

Nije kwenye asubuhi ya binti yako. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha orodha ya mambo sita wanayoyatumia mpaka leo kupima kama mtu anahitaji mkono wa mwenzake kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Waliona kwamba mtu anapodhoofika, kuoga ndiko hupotea mapema, na kula hubaki hadi mwisho. Akipata nafuu, anaanza na kula. Chukua karatasi, andika mambo hayo sita, mstari wako na mstari wa mama mkwe. Kwa kila jambo jiulize: anaweza mwenyewe, anahitaji kushikwa kidogo, au hawezi kabisa? Kisha upande wa pili wa karatasi andika yale mengine ambayo binti anafanya kabla ya shule: maji, makala, chai, kufagia, vyombo, nguo.

Utaona mwenyewe. Nusu kubwa ya asubuhi ya mtoto huyo haihusu mwili wako wala mwili wa bibi yake. Ni kazi ya nyumba tu iliyojificha nyuma ya ulemavu. Kubeba bido ya lita 20 kwenye mteremko wa Kadutu kunahitaji mgongo wenye nguvu, na migongo miwili yenye nguvu kuliko wake imelala chumba cha pili. Miiko yetu inakataza kijana kumwogesha mama yake, na mimi siipigi vita. Lakini sijasikia mwiko wa maji, wa makala wala wa kuosha sahani. Waite wote wawili mbele ya baba yao, uwape upande wa pili wa karatasi. Usiwaombe wamsaidie dada yao. Ukisema hivyo, kazi itabaki kuwa ya dada na wao watakuwa wafadhili. Waambie: hii ni yenu.

Kwenye upande wa kwanza nako kuna mambo ya kupunguza. Kwa nini uoge alfajiri, saa ambayo baridi ni kali, maji hayajapashwa na mtoto anakimbilia shule? Hamishia jioni. Asubuhi uso na mikono vinatosha. Jioni maji yatapashwa kwa makala yaleyale ya chakula, utakaa kwenye kiti cha plastiki, utajimiminia kwa kopo na kujisugua sehemu unazozifikia. Kitakachobaki kwa mwingine ni mgongo, miguu, na kukushika unaponyanyuka.

Na huyo mwingine ni mume wako. Mimi simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha. Lakini hao watu watakaocheka wameingiaje chumbani? Mlango ukishafungwa, mko wawili. Alipokuoa alikuona ulivyo na hakuita majirani kuwauliza. Mwambie hivyo, kwa utulivu, siku ambayo amepata kibarua na ameshiba. Halafu mwambie na hili, kwa maana mimi nimelisoma mara mbili nikishangaa: mume wako ni mwashi, na mke wake anashuka kwa ngazi za udongo kwenda kwenye choo kilicho mwisho wa parsele. Siku ambazo hana kibarua kwa watu, anacho kwake. Ngazi chache za saruji na mawe, zenye kimo kifupi, na bomba au mti imara wa kushika pembeni. Choo kisogezwe karibu na nyumba, mlango uwe mpana. Saruji ni ghali, najua. Aanze na ngazi ile mnayoanguka zaidi. Kila ngazi atakayoitengeneza inapunguza msaada unaohitaji, maana sehemu ya unyonge wako imo kwenye mteremko ule, haimo kwenye miguu. Na mkiona haiwezekani, fikirieni kuipangisha nyumba hiyo na kukodi vyumba viwili karibu na barabara, mahali ambapo kiti cha magurudumu kinaweza kutembea. Kiti hicho kitakapopatikana usikione kama kushindwa. Kitayahifadhi mabega yako.

Mama mkwe wako sasa. Umeandika kwamba analishwa kwa kijiko, lakini kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono wa kushoto una nini? Mwekeni akae wima, sahani yenye ukingo, kitambaa chini isiteleze, kijiko kilichofungwa nguo kwenye mpini kiwe kinene. Fufu anaweza kuimega kwa vidole. Atamwaga, atachelewa, aachwe amwage. Mtu anayelishwa wakati mkono wake upo, mkono huo nao unaaga. Isipokuwa kama akinywa maji anapaliwa au anakohoa sana anapokula: hapo mwulizeni daktari kwanza, kwa sababu kiharusi huharibu na kumeza. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mkague makalio na visigino kama pamekuwa pekundu au peusi zaidi kuliko kawaida, maana kidonda cha kulalia kikishafunguka ni vita. Wala msimvute kwa ule mkono uliokufa, bega litachomoka. Kumgeuza mama akiwa amevaa nguo zake, mwanawe anaweza. Wajukuu wake wa kiume pia.

Kumwogesha ni kwa wanawake, sawa. Lakini bibi huyo ana binti aliyemzaa mwenyewe, naye ndiye anayekaa kwenye meza yako ya vitenge. Ana mtoto mwingine wa kiume, huyo shemeji mwenye mawazo mazuri. Mtu anayegawa watoto wa Walungu aanze kwa kugawa asubuhi zake au pesa zake.

Kuhusu msichana wa Walungu jibu langu ni hapana. Mtoto wa miaka 12 anapaswa kuwa kwenye shule ya msingi, na shule za msingi za serikali hazitozi ada tangu Septemba 2019. Sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 inakataza kumtumikisha, hata kama bwana wake anaitwa mjomba. Mwili wako nao unastahili zaidi ya mikono ya mtoto mgeni aliyeletwa usiku kwa basi akilia. Kumwinua mtu mzima kutoka kitini kunataka nguvu na ujuzi. Akiteleza naye mtaumia wote wawili. Kama ndugu hao wanahofia kweli maisha ya yatima huyo, wamchangie daftari na sare akiwa kwa mama yake. Binti yako alilielewa hili kabla ya wakubwa wote waliokaa kikao.

Mnahitaji mwanamke mtu mzima, wa kulipwa, saa mbili za asubuhi kwa siku chache za juma, hasa kwa ajili ya bibi. Ulizia kwenye shirika lenu la kanisani, wale akina mama wanaotembelea wagonjwa wanajua nani mtaani ni mwaminifu na anatafuta kazi. Kubalianeni mshahara na kazi zenyewe tangu siku ya kwanza. Kisha umfundishe wewe mwenyewe. Mwambie wapi pa kukushika, wapi usiguswe, maji ya joto gani, nani asiingie wakati huo. Mama wengi wenye ulemavu wananyamaza wakati wa kuogeshwa kana kwamba mwili ni wa anayeogesha. Wewe ndiye unayejua mwili huu kwa miaka 44, kwa hiyo maagizo yatoke kwako.

Unaniambia kana kwamba nyumba yako ni ya ajabu. Si ya ajabu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2011, iliyojumlisha nchi 59, ilikuta ulemavu kwa asilimia 19.2 ya wanawake watu wazima, na asilimia 12 kwa wanaume. Wanawake huishi muda mrefu zaidi, na miaka hiyo ya mwisho ndiyo yenye viharusi, macho yaliyofifia na magoti yaliyokwisha. Lakini hitaji halifanani katika kila umri, na hapo ndipo familia nyingi zinakosea. Mtoto mwenye ulemavu anasaidiwa ili ajifunze kufanya mwenyewe, hata akichelewa. Bibi anasaidiwa ili kilichobaki kisipotee. Wewe uko katikati: unahitaji kusaidiwa asubuhi ili mchana uendelee na kazi yako. Mnapowekwa wawili kwenye chumba kimoja na kuitwa "wagonjwa", wewe unazeeshwa kabla ya wakati.

Nchi yetu imeandika vizuri. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inaeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Karatasi hizo hazitakuja Kadutu kesho kukumiminia maji. Nakutajia ili siku shemeji atakapozungumza kana kwamba anakufadhili, ujue ni haki mnayoijadili.

Binti usimfukuze kabisa kwenye uangalizi wako. Wengine wakishasikia haya, wanamtoa mtoto ghafla naye anajiona amekosea. Mwulize ni jambo gani angependa kubaki nalo. Pengine atasema kukusuka nywele Jumapili, pengine kukaa na bibi baada ya shule. Mengine aachiwe. Kwa prefe usitume mtu wala karatasi. Piga simu mwenyewe, umweleze nyumba ilivyo, umwambie tarehe ambayo kuanzia hapo mtoto atafika mapema, na umwombe walimu wampe masomo aliyokosa. Usimtajie tarehe hiyo kabla hujaona vijana wako wamechota maji juma zima bila kukumbushwa.

Limebaki la pesa, ambalo katika barua yako limepita kwa sentensi tatu tu, nami nadhani ndilo kubwa. Mama wa kulipwa atalipwa na vitenge vyako. Fundi wa kiti, saruji, pesa ya motari wa hospitali, vyote vimo kwenye meza ile. Hukuwahi kuacha biashara, uliacha kupanda ngazi. Unaweza kuuza umekaa nyumbani: piga picha kila kitenge kikiwa kimekunjuliwa vizuri, tuma kwa wateja wako wa zamani kwa WhatsApp, walipe kwa simu, na kijana wako wa miaka 17 awapelekee mzigo barabarani. Wateja wa miaka yote wanakujua wewe na jicho lako la kuchagua rangi, wifi yako hawamjui.

Muite Jumamosi hii, mume wako akiwepo. Mpokee vizuri, mpe chai, umshukuru kwa kuishika meza. Kisha mpe mambo mawili achague: ama mgawane faida kila juma kwa daftari mnaloliandika wote wawili, naye aje asubuhi mbili kumwogesha mama yake, ama arudishe bidhaa. Akisema tena kwamba biashara imelala, mwambie akuletee hivyo vitenge vilivyolala, uvihesabu mwenyewe kimoja kimoja mbele ya kaka yake.